Muulize Shangazi Sakafu

*Shangazi, kaka yangu yuko Oslo nami ninamsimamia ujenzi wa nyumba yake hapa Malaba. Pesa anatuma kwa wakati, sina lalama. Sasa anataka sebule yenye sakafu ya mbao isiyopigiliwa misumari, chini yake polistirini ya inchi nne, na chini ya hiyo slabu, eti miguu isipate baridi. Fundi alicheka hadi akakalia karai. Nimsikilize nani? — Dada Mjenzi, Malaba*

Dada Mjenzi, huyo fundi mwongezee chai. Kaka yako ana akili sana, ila ni akili ya Oslo. Ardhi iliyo chini ya nyumba hukaribia wastani wa joto la mwaka mzima wa mahali pale. Kwao ni nyuzi sita au saba hivi, kwa hiyo joto wanalolilipia kwa jasho lao hutorokea sakafuni, na polistirini hulizuia. Kwetu hapa mpakani ni kama nyuzi 22. Nani amewahi kukuuliza hita Malaba? Slabu tupu ndiyo feni yetu isiyosoma mita ya umeme. Mwezi wa pili, saa nane mchana, tafuta watoto walipo: utawakuta wamelala kifudifudi juu ya simiti. Kaka yako alilelewa hapo hapo, ni vile amesahau.

Halafu kuna mchwa. Hali polistirini, lakini huichimba na kupitisha njia zake humo ndani bila kuonekana, mpaka siku anapofika kwenye mbao. Kumbikumbi tunawapenda kwenye sahani, si chini ya kochi. Kama slabu haijamwagwa, maramu ipigwe dawa ya mchwa kwanza. Ikishamwagwa, nafasi nzuri imekupita.

Lakini pesa ni zake, na mwenye pesa hashindwi kwa simu. Basi muwekee mbao, umpunguzie polistirini. Slabu ikauke kwanza: mafundi huhesabu mwezi mmoja kwa kila inchi, kwa hiyo slabu ya inchi nne ni miezi minne, na mimi mvua za Aprili sizihesabu kabisa. Ukitaka hakika, bandika kipande cha nailoni cha mita moja sakafuni, ziba kingo zote kwa tepu, ukiache siku mbili tatu. Ukikuta jasho chini yake, au simiti imekuwa nyeusi, ngoja. Ikikauka, tandaza nailoni ya kuzuia unyevu, ile iitwayo DPM, ya geji 1000, vipande vipandane upana wa shubiri, kisha lile povu jembamba la milimita tatu, kisha mbao, ambazo zimeshalala ndani ya chumba hicho siku mbili zikizoea hewa yake.

Akishikilia polistirini yake, basi iwe ile ngumu iliyoshindiliwa, na juu yake plaiwudi iliyogundishwa vizuri, kisha ndipo mbao. Ile laini inayokuja imefunga televisheni itabonyea mjomba akikaa, na ndimi za mbao zitavunjika. Akipiga simu ya video kukagua, mwambie ahesabu tabaka huku wewe umevua viatu.

*Shangazi, sakafu yangu ya mbao imeota mgongo katikati ya sebule. Mgeni alijikwaa akamwaga supu. Jirani anasema ni kazi ya watu. — Mwenye Mgongo, Burumba, Busia*

Ni kazi ya watu kweli, na mmoja wao ulimlipa. Ng'oa sketing. Naweka dau kwamba mbao zimegusa ukuta, au fundi wako alipiga misumari kwenye pembe "isitembee." Sakafu ya namna hii, ya mbao zisizopaswa kupigiliwa misumari, lazima itembee: msimu wa mvua mbao hunywa unyevu na kutanuka, na ikikosa nafasi pembeni hupanda juu. Acha milimita kumi kila upande, hata kwenye fremu ya mlango, sketing ifiche. Misumari ing'olewe. Na huyo anayepiga deki kwa kumwaga ndoo nzima apewe kitambaa kilichokamuliwa.

*Shangazi, fundi ananituma nikanunue nailoni ya sakafu. Si ilipigwa marufuku? Nina watoto wadogo, sitaki jela. Shemeji amenishauri nishone juala kutoka ng'ambo, anazo bandali nzima. — Mwoga wa NEMA, Marachi, Busia*

Mwoga, marufuku iliyoanza tarehe 28 Agosti 2017 ni ya mifuko ya kubebea na kufungashia bidhaa. Nailoni inayolala chini ya sakafu yako haibebi nyanya. Ingia hadwea mchana kweupe, taja DPM, dai risiti, tembea nayo begani mbele ya askari yeyote.

Anayestahili kuogopa ni shemeji. Faini ya juala huanzia shilingi milioni mbili, na kifungo hufika miaka minne, yote hayo kwa mifuko ambayo haiwezi hata kuzuia unyevu: kila ulipopitisha sindano maji yatapita. Mwambie bandali yake airudishe alikoitoa. Na mwaka huu ajaribu kupita mlango mkubwa, ule wa forodha, aone kama njia ya panya ndiyo pekee anayoijua.