Ngeli za Mimea ya Presha: Uainishaji wa Awali

Wataalamu wa mimea huainisha kwa kuangalia ua, mbegu na mpangilio wa majani. Njia hiyo haifai katika nyumba za Dar es Salaam, kwa sababu dawa ya presha hufika sebuleni bila ua wala jani. Hufika ikiwa unga wa kijani ndani ya kopo lililokuwa la kahawa, na shangazi aliyeileta ameshapanda daladala. Wanasarufi nao hawana msaada: mlonge, mpera, mparachichi na mwarobaini wameirundika yote katika M-MI, wakaenda kulala. Tumelazimika kubuni uainishaji unaofuata kile ambacho mmea hutendwa kabla ya kumfikia mgonjwa.

Kwanza, neno kuhusu vipimo. Hospitali huanza kushughulika presha inapofika 140 kwa 90. Watoa habari wetu hutumia kisogo: kikiuma, presha imepanda, kikitulia, imeshuka. Kwa kuwa presha ya kupanda inaweza kukaa mwilini miaka mingi bila kuuma popote, kisogo kimeipatia mimea mingi ushindi wa mezani.

Ngeli ya kwanza ni Ipondwayo, na mwakilishi wake ni kitunguu saumu. Huyu ana siri. Punje nzima haina alisini, ile kemikali kali ambayo Mmarekani Chester Cavallito aliitenga mwaka 1944. Alisini huzaliwa pale tu punje inapopondwa, kimeng'enya kikakutana na aliini iliyokuwa chumba cha pili. Ukiichemsha punje kabla ya kuiponda, kimeng'enya kinakufa na harusi haifungwi. Hapa ngeli inagawanyika. Wako watafunaji, ambao hushusha presha kidogo na kupunguza wageni kwa kiasi kikubwa. Wako na wamezaji wa punje nzima, ambao hawataki kunuka ofisini. Hao hupeleka tumboni mzigo uliofungwa, na asidi ya huko hukiharibu kimeng'enya kabla hakijafanya kazi. Kipimo kinachotajwa na pande zote mbili ni "punje mbili", bila kusema ni za kitunguu cha Mbulu au cha China.

Ilowekwayo haina mambo mengi. Ni choya. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts, Boston, walichapisha matokeo ya watu waliokunywa vikombe vitatu vya chai yake kila siku kwa wiki sita: presha ya juu ilishuka kwa milimita 7 hivi za zebaki. Si haba. Choya ya mtaani, hata hivyo, imeshikana na sukari kiasi kwamba tunashauri iainishwe upya miongoni mwa miwa.

Ichemshwayo (majani ya mpera, ya mparachichi, ya mlonge) tutaiandika pindi watoa habari watakapokubaliana "kiganja kimoja" ni kiganja cha nani.

Ikamuliwayo ni bitiruti, na hiyo haifanyi kazi bila mshenga. Naitreti zake hufyonzwa, zikarudi mdomoni kwa njia ya mate, ambako bakteria wa ulimi huzigeuza kuwa naitraiti. Mwili nao huzigeuza kuwa oksidi ya nitriki, gesi inayolegeza mishipa. Gesi hiyo ndiyo iliyowapatia wanasayansi Furchgott, Ignarro na Murad Tuzo ya Nobel mwaka 1998. Anayekunywa glasi ya bitiruti kisha akasukutua kwa dawa ya kuua vijidudu amemfukuza mshenga mlangoni. Mchicha nao umejaa naitreti, ila hauna mpambe: fungu lake ni la bei ndogo mno kuitwa tiba.

Sasa tufike kwenye ngeli inayotusumbua, Iliyohama. Mzizi wa Rauvolfia serpentina ulitumika India tangu kale kwa walioumwa na nyoka na waliorukwa na akili. Mwaka 1949 daktari Rustom Jal Vakil wa Bombay aliandika katika jarida la Uingereza jinsi unavyoshusha presha, na mwaka 1952 kampuni ya Ciba, Basel, ikatenga humo reserpini. Mmea umethibitika! Na papo hapo ukavuliwa uraia. Ulipopata miligramu ukawa "kemikali za hospitali", pamoja na madhara yaliyoandikwa kwenye karatasi: pua kuziba, huzuni nzito. Hayo yalikuwamo ndani ya mzizi siku zote, ila mzizi hauna karatasi. Binamu yake, Rauvolfia vomitoria, alichimbwa Kongo na kusafirishwa nje kwa ajili ya viwanda vya dawa hiyo hiyo. Binamu mwingine, msesewe, amebaki Kilimanjaro, ambako gome lake hutiwa kwenye pombe ya mbege. Hatujampata daktari anayeandikia mbege wagonjwa wa presha, ingawa wa kujitolea kwa majaribio wamejitokeza wengi, wengine hawana presha.

Kanuni tunayoipendekeza ni hii: mmea hubaki wa asili mradi isijulikane mtu anakunywa kiasi gani.

Ya mwisho ni Ichonganishayo, yaani balungi. Mwaka 1991 David Bailey na wenzake wa London, ile ya Ontario, Kanada, walionyesha kwamba juisi yake huiongezea nguvu felodipini, kidonge cha presha; huzuia kimeng'enya cha utumbo kinachoivunja. Kidonge kile kile huingia kwenye damu kwa wingi kuliko alivyokusudia daktari, na nifedipini, ndugu yake, nayo haisalimiki. Huwezi kuligundua hilo kwa mahojiano, maana mgonjwa humwambia daktari kuwa anatumia vidonge tu, na jirani kuwa anatumia balungi tu. Akiinuka kitandani akaona giza, akashika ukuta, jirani huchukua sifa zote na kumletea mabalungi mengine matatu. Kwa sasa kielelezo hiki tumekiweka katika ngeli mbili, hadi mgonjwa atakapokubali kutaja kidonge anakimeza saa ngapi.