Kidole Mnadani

Mpaka sasa napita vichochoro vya nyuma, maana njiani watu ambao wiki iliyopita walikuwa hawanijui wananisalimia, "Tajiri, leo hununui?" Alfajiri ya Jumamosi, katika diko la Malindi, hapa Unguja, nilinunua taa mzima, mpana kama jamvi, kwa shilingi elfu tisini, bila kufungua mdomo, bila haja ya taa, na bila kujua kwamba nimo mnadani.

Nilikuwa nakamata Magikarp.

Simu ni ya mpwa wangu, aliyekuja likizo kutoka Maskati na mchezo wake wa Pokémon Go. Mwenyewe haamki mpaka jua la utosi, lakini usiku aliniusia: "Mjomba, ukenda Malindi nichukulie na simu yangu. Vidude vya majini hutokea karibu na bahari." Kweli vilitokea.

Hapa lazima nieleze, kwa sababu wanaonicheka hawajui mtego huu ulivyotengenezwa kwa ufundi. Kidude kinatokea katikati ya kioo, kimezungukwa na duara. Duara linasinyaa polepole, kisha linarudi ukubwa wake. Chini kuna mpira. Unaweka kidole juu ya mpira, unausukuma juu kwa haraka. Ukiupiga ndani ya duara wakati limesinyaa, bahati yako inakuwa kubwa zaidi. Mpira ukishakimeza unaanguka, unatikisika, na wewe pumzi imekukaa kooni, kwa sababu kinaweza kuupasua kikatoka, mambo yakaanza upya. Ukipenda, unawasha kamera, na kidude kinaonekana kimekaa palepale uliposimama. Niliwasha kamera. Magikarp akaonekana anajirusha juu ya sakafu ya mnada, baina ya ndoo na miguu ya watu. Katika mchezo mzima hakuna samaki dhaifu kumshinda huyo. Hana ajualo ila kujirusha. Akanisumbua.

Mnada wa samaki nao una ufundi wake. Wachuuzi wazoefu hawapigi kelele. Wanapandisha bei kwa ukope, kwa kidevu, kwa kidole kilichonyanyuka kidogo tu, ili jirani asijue anashindana na nani. Dalali anayasoma yote hayo na mdomo wake hautulii hata kidogo. Sasa mweke dalali huyo mbele ya mtu mzima aliyeshika simu usawa wa kifua, aliyemkazia macho taa aliyelazwa sakafuni, na ambaye kila baada ya muda anarusha kidole juu kwa nguvu. Huyo ni mnunuzi mwenye uchu. Kila mpira nilioukosa ulikuwa elfu tano. Mchuuzi mmoja akanitazama kwa chuki, akaongeza. Magikarp akatoka mpirani, nikarusha tena. Mchuuzi akaongeza; duara likasinyaa, nikarusha. Mwisho mchuuzi akanyanyua mikono, akaondoka, na mpira nao ukatulia. Nikapiga ukelele: "Nimempata!"

Dalali akasema, "Umempata, bwana. Hongera."

Nilijaribu kumfahamisha kwamba mimi nilikuwa nakamata samaki mwengine. "Yuko wapi?" Nikamwonesha. Watu wakakusanyika juu ya simu, wakamchunguza Magikarp kwa heshima zote, na mzee mmoja akauliza kama hupikwa mchuzi au hukaangwa. Kisha wakanigeukia, wakangoja pesa.

Hamali alimbeba taa begani, mkia unafagia kuta za Mji Mkongwe pande zote mbili. Mimi nilipendekeza tuzunguke. Yeye alitaka njia fupi, na njia fupi inapita Jaws Corner, ambapo wanywa kahawa wana kazi moja tu, kuangalia nani anapita na kabeba nini. Kimya kikaingia. Halafu mmoja akatua kikombe na kuuliza: "Wewe ndiye uliyemnunua, au yeye ndiye aliyekununua wewe?"

Nyumbani mpwa wangu aliamka, akaruka juu ya taa bila kumwona, akachukua simu. "Magikarp, mjomba? Mie namtaka Relicanth." Akanionesha picha: samaki wa rangi ya udongo, magamba ya mawe, uso wa mtu aliyeamshwa kabla ya wakati. "Lakini usijisumbue. Huyo yuko New Zealand tu."

Hapo ndipo niliposahau taa. Samaki yule namjua. Ni silikanti!

Wataalamu walimhesabu kuwa alikwisha pamoja na dinosaria, miaka milioni 66 iliyopita, hadi Desemba 1938, alipotoka katika nyavu za meli karibu na East London, Afrika Kusini, na Marjorie Courtenay-Latimer wa makumbusho ya pale akamwona. Mchana hujificha kwenye mapango, mita mia na zaidi chini. Mapezi yake yana nyama na mifupa, na huyapeleka kwa zamu, la kulia na la kushoto, utadhani anatembea ndani ya maji. Fuvu lake lina bawaba, kwa hiyo hufungua kinywa kwa kunyanyua kichwa. Puani ana kiungo cha kuhisi umeme wa viumbe wengine, na mara nyingine husimama kichwa chini, mkia juu, kwa utulivu kamili. Hazai mayai, huzaa watoto; utafiti wa mwaka 2021 ulikadiria kwamba mimba yake huchukua miaka mitano na umri wake hufikia karne. Nyama yake ina mafuta yanayoharisha, na nadhani ndiyo siri ya kudumu kwake.

Na anaishi wapi? Komoro. Kilwa, alikopatikana Songo Mnara mwaka 2003. Tanga, ambako majarife ya papa yamemtoa mara nyingi hadi ikaanzishwa hifadhi ya bahari kwa jina lake. Na Julai 2007 wavuvi walimtoa nje ya Nungwi, hapahapa Unguja: mita 1.34, kilo 27. Relicanth wa mchezoni ana mita 1 na kilo 23.4. Hata kwenye mizani tumepunjwa.

Mchezo ulipogawa vidude kwa maeneo, New Zealand na visiwa jirani ndio waliopewa Relicanth. Afrika ikapewa Tropius: dinosaria mwenye mabawa ya majani na ndizi shingoni. Ndizi! Mtu alikaa mbele ya ramani ya dunia, akaifikia Afrika, akawaza tunda.

Ningecheka, lakini mtindo huu tunaujua. Profesa J.L.B. Smith alipomtafuta silikanti wa pili, alitoa makaratasi yenye picha na ahadi ya pauni 100, yaliyoandikwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Pwani ya wavuvi wanaosema Kiswahili ikatangaziwa kwa lugha zote isipokuwa yao. Mwaka 1952 makaratasi hayo yalipita Unguja, mkononi mwa nahodha Eric Hunt, kuelekea Komoro. Desemba hiyo Ahamadi Abdallah wa Nzwani akamvua, na mwalimu Affane Mohamed akamtambua sokoni. Smith akaja na ndege ya jeshi aliyopewa na waziri mkuu wa Afrika Kusini, akamchukua, akampa samaki jina: *Malania*. Malan ndiye waziri mkuu mwenyewe, aliyekuwa wakati huo akijenga ubaguzi wa rangi tofali kwa tofali. Samaki mweusi wa buluu kutoka maji ya Waislamu wa Komoro, akabebeshwa jina la mtu ambaye asingekubali kukaa meza moja na aliyemvua. Jina lile lilifutika, ilipobainika kuwa ni spishi ileile ya 1938. La Ahamadi halikuwahi kuandikwa juu ya samaki yeyote.

Mengine yaliyofuata ni madogo. Jioni Forodhani niliinua simu, kijana wa makachu akajirusha baharini kutoka ukutani, na nusu ya bahari ikanijia usoni. Tulikwenda Nungwi, mpwa akatapika daladalani. Mke wangu amepika taa mchuzi, amemkaanga, amemkausha, na sasa anamgawa kwa majirani bila kuuliza kama wanamtaka.

Madai yangu ni mepesi. New Zealand wachukue Tropius, pamoja na shingo na mkungu wake, sisi turudishiwe samaki wetu. Na kama hilo haliwezekani, basi angalau wamrekebishe: maelezo ya mchezo yanasema Relicanth ni kibogoyo, anakula vijidudu visivyoonekana kwa macho. Silikanti ana meno. Wangewauliza wavuvi wa Nungwi, wangeambiwa, ila swali lingebidi liandikwe kwa Kiswahili.