Tajiri Hataki Pevingi

Dar es Salaam tumemaliza ardhi, na sizungumzii viwanja. Nazungumzia udongo wenyewe, ule wa kukanyaga. Pita huku kwetu Kinyerezi, chungulia ndani ya mageti: pevingi mwanzo mwisho. Mtu akishaezeka na kupaka rangi, anayefuata kupigiwa simu ni fundi wa pevingi, maana nyumba isiyo na pevingi watu wanakuuliza utahamia lini hata kama umeishi humo miaka. Mimi nami nilizipanga, kuanzia getini mpaka ukuta wa nyuma. Masika ikija, tope tunalisikia kwa majirani. Kwa hiyo mtu anaponiambia "mbwa mpeleke nje akajisaidie", namuuliza: nje ipi?

Mbwa mwenyewe sikumwomba. Aliletwa na shemeji yangu Jumapili moja, ndani ya boksi la mafuta ya kula, ana miezi miwili, tumbo mbele, sikio moja limesimama na jingine limelala. Nyumba nzima vigelegele. Binti yangu wa darasa la tano akampa jina papo hapo: Tajiri. Nikasema jina hilo litatuletea maneno mtaani, nikajibiwa, "Baba nawe!" Shemeji akanywa chai, akamaliza maandazi, akaaga. Gari lake halijakunja kona, Tajiri akakojoa kwenye zulia la sebuleni, na wale wale waliokuwa wakipiga vigelegele wakageuka kuniangalia mimi.

Kwa nini mimi? Eti kwa sababu huwa silali mapema. Huo ndio utaratibu wa nyumba zetu: mbwa ni wa watoto, chanjo ni ya baba, na mkojo ni wa aliyeuona kwanza. Ndiyo maana siku hizi humu ndani hakuna anayeona kitu. Mtu anakiruka kidimbwi na sahani ya wali mkononi, macho mbele, anaimba.

Babu yangu alifuga mbwa maisha yake yote na hakuna hata mmoja aliyeonyeshwa choo. Walizaliwa nje, wakala nje, wakalala chini ya ghala, na pori lilianzia nyuma ya jiko. Swali lenyewe halikuwepo. Sasa watoto wameona kwenye simu mbwa waliovalishwa sweta wamejilaza kwenye makochi, wakakata shauri kwamba na wetu alale sebuleni "mpaka akue kidogo". Banda analo. Nimemlipa seremala, limeezekwa kwa bati jipya, limewekwa nyuma ya nyumba penye kivuli. Anayelala humo ni kuku wa jirani.

Tukamwita daktari wa mifugo, kijana mstaarabu mwenye subira. Akasema kibofu cha mbwa mdogo hubana takriban saa moja kwa kila mwezi wa umri wake, kwa hiyo miezi miwili ni saa mbili, msimtegemee zaidi ya hapo. Atolewe akiamka, akimaliza kula, akimaliza kucheza, na kabla ya kulala. Akijisaidia mahali mnapotaka, asifiwe na apewe dagaa mmoja hapo hapo, siyo mkisharudi ndani, kwa sababu kwake yeye jambo lililopita limepita. Kumsugua pua kwenye mkojo, dawa niliyoshauriwa na kila mwanamume wa mtaa huu, hakumfundishi kitu ila kujificha: atahamia nyuma ya kochi, mtaipata harufu, mhusika hamtamwona. Na msipige deki kwa sabuni yenye amonia, maana mkojo nao unanuka hivyo hivyo, mtakuwa mnamwekea kibao cha choo. Siki na maji vinatosha.

Nikamwambia hakuna shida, ng'ambo ya ukuta kuna kiwanja kitupu, nyasi zinafika magotini, nitakuwa nampeleka huko. Daktari akaruka. Marufuku! Virusi vya parvo vinaweza kukaa kwenye udongo miezi na miezi baada ya mbwa mgonjwa kupita, na kile kiwanja ni barabara kuu ya mbwa koko wa kata nzima. Mpaka amalize mlolongo wa chanjo, yaani afike kama wiki 16, asivuke geti.

Sasa piga hesabu wewe msomaji. Ndani ya geti hakuna nyasi. Nje ya geti kuna nyasi na kuna kifo.

Halafu likaja la magunia. Daktari aliuliza Tajiri kalelewa wapi, tukampigia shemeji, naye akasema bila wasiwasi kwamba kazaliwa stoo, juu ya magunia ya pumba. Daktari akaguna. Kumbe mbwa akifika wiki ya nane au ya tisa hivi, nyayo zake zinakariri kile anachokikanyaga wakati wa haja, na akishakariri, kumbadilisha ni kazi. Aliyelelewa kwenye nyasi atatafuta nyasi. Wa kwetu anatafuta gunia, na kwa kuwa gunia hamna, chochote kilichofumwa anakihesabu hicho hicho: kitambaa cha mlangoni, zulia, begi la shule, kanga iliyoanguka kutoka kwenye kamba. Pevingi kwake ni sakafu. Mbwa mwenye adabu hakojoi sakafuni.

Njoo uone saa nane usiku. Ananikwaruza mguu, naamka, nawasha tochi ya simu, natafuta kandambili, yangu moja na ya binti yangu moja, tunatoka. Tajiri anasimama katikati ya uwanja. Ananusa pevingi. Ananusa inayofuata. Anaweka pua kwenye ufa kati ya mbili, anafikiri. Anazunguka, anazunguka tena, mimi roho juu, dagaa mkononi tayari. Anakaa kitako. Ananiangalia kwa huruma, nadhani anashangaa mtu mzima nimekuja kufanya nini nje usiku wote huu na mbu hawa. Basi tunarudi. Naufungua mlango, anapita mbele yangu, miguu minne inagusa kitambaa cha mlangoni, na hapo hapo anachuchumaa na kushusha pumzi.

Huko Ulaya jambo hili limesomewa. Mwaka 2013 watafiti wa Ujerumani na Jamhuri ya Cheki walichapisha walichokiona baada ya kuwatazama mbwa 70 wa aina 37 kwa miaka miwili wakijisaidia: haja kubwa mara 1,893, haja ndogo mara 5,582, kila moja imeandikwa. Wakagundua kwamba uga wa sumaku wa dunia ukiwa umetulia, mbwa hupenda kujipanga kaskazini-kusini. Mwaka uliofuata wakapewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya tafiti zinazochekesha kwanza, kisha zikafikirisha. Mimi aliyenifikirisha ni yule wa daftari. Mtu na shahada zake, kasimama kwenye baridi na dira, anasubiri mbwa aamue. Yule ni ndugu yangu kabisa. Wengine, wa Georgia kule Marekani, walipima wakakuta mamalia wanaozidi kilo tatu, tembo akiwemo, humaliza haja ndogo kwa sekunde 21 hivi. Sawa. Hakuna aliyepima muda wa kunusa unaotangulia.

Nikafungua dira ya simu na mimi. Kitambaa chetu cha mlangoni kimekaa mashariki-magharibi, na Tajiri hajali.

Jina nalo likatimiza niliyoyasema. Jirani wa upande wa kulia ana daladala mbili, na makonda wake wote humwita Tajiri, kama ilivyo desturi ya mjini. Ukuta wetu ni mmoja na dirisha lake la chumbani liko juu yake. Usiku wa manane mtu huyo analala, anasikia sauti ya mwanamume mzima: "Tajiri, kojoa basi. Tajiri, wengine tuna kazi kesho. Haya Tajiri, mzuri wangu, kojoa." Tulipokutana asubuhi dukani nikamwambia, "Habari za asubuhi, jirani." Akaitikia "Nzuri" akiutazama mkate. Vijana wa ulinzi shirikishi nao walinimulika kwenye geti, wakauliza, "Mzee, usalama?" Nikasema usalama, namsubiri mbwa ajisaidie. Mmoja akamwuliza mwenzake, "Kasema nini?" Nikawasikia wanacheka mpaka mwisho wa mtaa.

Hayo yote ningeyavumilia. Lililonishinda ni la bibi wa nyumba ya pili. Huyu bibi ni mtu wa Kilwa, mtu wa dini, anatupenda na tunampenda, alikuja jioni kumjulia hali mke wangu. Tulikuwa tumemfungia Tajiri jikoni. Nani alifungua mlango, mpaka leo hajulikani. Mbwa akatoka mbio akamlamba bibi mguu na pindo la kanga. Sasa kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo Waislamu wengi wa pwani wanayafuata, mate ya mbwa ni najisi nzito: palipoguswa huoshwa mara saba, na mara moja kati ya hizo iwe kwa maji yenye udongo. Bibi hakukasirika hata kidogo. Alinyanyua kanga yake kwa vidole viwili, akasema kwa upole, "Mwanangu, niletee maji na udongo kidogo."

Mke wangu akaniangalia. Mimi nikaangalia pevingi.

"Bibi, udongo..." nikaanza.

"Nyumba yote hii hamna udongo?" akauliza. "Mkifa mtazikwa kwenye saruji?"

Mwishowe mke wangu akachota gao moja kutoka kwenye kiroba cha mchicha. Maana mama watoto, kwa kukosa bustani, amepanda mchicha na matembele kwenye viroba alivyovipanga ukutani. Na hapo ndipo nilipomkamata Tajiri akivitazama vile viroba. Magunia! Yamejaa udongo! Kesho yake tulimkuta ameinua mgongo pembeni ya kiroba cha kwanza, amani tele usoni. Daktari kwa simu akasema tusile kitu kilichoota karibu naye, kwa kuwa mbwa wadogo wengi huzaliwa tayari wana minyoo waliyoipata kwa mama yao, na mayai ya minyoo hiyo hukaa kwenye udongo muda mrefu na huwapata hata watu, hasa watoto. Mchicha ukang'olewa wote. Mke wangu hakusema neno, na mimi najua hesabu inawekwa.

Basi nikaagiza udongo. Mimi, niliyelipa watu waufukie udongo wa Mungu chini ya saruji, nikamlipa mwenye kirikuu aniletee mwingine kutoka huko Pugu. Akaumwaga kwenye kona karibu na tanki la maji, juu ya pevingi, akaniuliza kama najenga. Nikasema ndiyo. Daktari alishauri tutandike gunia juu yake, na kila baada ya siku kadhaa tulikate liwe dogo zaidi, mpaka nyayo zizoee udongo wenyewe. Ushauri mzuri sana. Tatizo ni kwamba paka wa mtaa mzima nao waliusikia. Usiku wa kwanza walikuja, wakachimba, wakafukia, wakaondoka. Asubuhi kuku wakapekua wakasambaza kilichobaki mpaka kwenye ngazi za mlango. Kisha mvua ikanyesha, na kwa mara ya kwanza tangu nijenge, nikapata tope ndani ya uzio wangu, la kununua.

Jumamosi nikachukua mtaimbo. Kona ya tanki, mita mbili kwa mbili, nikang'oa pevingi, nikatoa mchanga wa fundi, nikakutana na udongo wetu wa asili, mweusi, una nyungunyungu wake. Nikazungushia wavu wa kuku. Nikatandika kipande cha gunia. Tajiri akaja akasimama juu yake, akanusa kidogo tu, akachuchumaa. Nilimpa dagaa wote waliokuwa mfukoni.

Sasa gunia limebaki la ukubwa wa kiganja na mwenyewe halihitaji tena, anaenda moja kwa moja. Anakwaruza mlango, hanikwaruzi mimi. Mvua ikinyesha hakubali kutoka, hilo tunaendelea kujadiliana. Mke wangu amepanda mchicha mpya na viroba amevipandisha juu, mahali ambapo hata mimi sifiki. Bibi wa Kilwa akija, anapita kwanza kwenye kona kutazama, anasema "Afadhali", halafu ndiyo anakaa.

Fundi wa pevingi alipita wiki iliyopita, akachungulia getini, akaona shimo, akasema anaweza kuliziba siku hiyo hiyo kwa bei ya kirafiki. Nimemkatalia. Zile nilizozing'oa zipo, nzima, zimepangwa nyuma ya nyumba. Mwenye kuzihitaji aje na kirikuu yake, tutaelewana bei. Aje mchana, agonge geti taratibu, na akiwa ndani asimwite mtu yeyote Tajiri.