Darubini Mbili, Maelezo Mengi

Hapa Butembo ukikusanya stempu watasema una nafasi nyingi mno, na yataishia hapo. Ukikusanya darubini, wataanza kujiuliza unamchungulia nani. Majirani hujiuliza kimya kimya. Wanajeshi huuliza kwa sauti, hasa tangu Mei 2021, mkoa wetu wa Kivu Kaskazini ulipowekwa chini ya utawala wa kijeshi. Ndiyo maana mimi ni mchaguzi: darubini nisiyoweza kuieleza kwenye bariere ya wanajeshi barabarani kwa sentensi moja, siinunui.

Sokoni nilioneshwa moja iliyoandikwa 20x50, vioo vyekundu vinavyong'aa. Muuzaji akaapa kwamba inaona mpaka Kasindi, kule mpakani na Uganda. Nikaielekeza kilimani, kilima kikatetemeka kama kimeshikwa na malaria, maana inayokuza mara 20 hukuza na mtikisiko wa mikono mara 20. Tena ukigawa 50, yaani milimita za kioo cha mbele, kwa 20, mwanga unaotoka kuingia jichoni una upana wa milimita 2.5 tu. Nikainyoosha mbali na uso, nikaielekeza mawinguni, nikakagua vile viduara viwili vya mwanga kwenye vioo vya nyuma. Vilikuwa vimekatwa pembeni, dalili ya prisma za bei rahisi.

"Papa," muuzaji akaniambia, "unanunua ao unanipima macho?"

Zilizofaulu mtihani ni mbili. Ya kwanza, 7x50, nilimwazima shemeji yangu wa Beni. Beni iko chini kuliko Butembo, joto na unyevu ni vya huko, na shemeji akaihifadhi stoo pamoja na magunia ya kakao. Ilirudi na utando wa kuvu ndani ya vioo na harufu ya kakao iliyochacha. Sasa ukitazama nayo Ruwenzori, mlima wote wa mita 5,109 umefunikwa na ukungu, hata asubuhi iliyo safi. Shemeji hakubali lawama. Anasema Ruwenzori ndivyo ilivyo siku zote, na ubaya ni kwamba karibu siku zote anasema kweli.

Ya pili ni 8x30 ya zamani kutoka Urusi ya Kisovieti, na hiyo ndiyo niliyosafiri nayo kwenda Beni. Ni kama kilomita 54 tu, lakini bariere hazihesabu kilomita.

"Hii ni ya nini?" mwanajeshi akauliza.

"Ya kuangalia tai, shefu."

Shefu hakuona tai. Aliona bariere ya chini, wenzake wamekaa kivulini wanakula mbuzi wa kuchoma ambaye yeye hakuambiwa habari zake. Akaita wa pili ashuhudie. Wa pili akamwita wa tatu, na kila mmoja akazungusha gurudumu la katikati mpaka nyama ikaonekana vizuri. Nyuma yetu malori yalipanga foleni. Dereva mmoja mwenye kabichi akapiga honi, akauliza ni nani aliyewaletea hawa watu sinema.

Walinirudishia, kwa heshima kabisa. Safari iliyofuata niliiacha nyumbani, nipite upesi. Shefu alinitambua kabla pikipiki haijasimama.

"Papa wa tai! Iko wapi?"

"Nimeiacha nyumbani, shefu."

Akanitazama kwa muda. "Kwa nini umeiacha?" akauliza, kisha akaagiza begi lifunguliwe lote.