Bahasha za Virpur

Usiku mjukuu wake wa mwisho alipozaliwa kabla ya miezi kutimia, Ba aliacha kula wali. Mtoto alikuwa kwenye chumba cha joto, mimi sijajitambua sawasawa, naye mama mkwe wangu amesimama kwenye veranda ya hospitali, tasbihi mkononi, anaweka nadhiri kwa Jalaram Bapa: mama na mtoto wakitoka salama, hatagusa punje ya wali mpaka miguu yake ikanyage Virpur, nyumbani kwa Bapa, huko Gujarat. Tukatoka salama sote wawili. Tangu siku hiyo nyumba yetu ikawa na deni.

Deni la namna hiyo hulipwa jikoni, na jikoni kwetu nipo mimi. Ba ni mtu wa wali tangu utoto wake. Sasa kila mlo ukahitaji mkate: chapati mchana, mkate wa mawele usiku, na unga wa mawele nilikuwa nikiutafuta soko la Kisutu, Dar es Salaam, mpaka wauzaji wakanizoea. Kwenye harusi nilimbebea chapati zake kwenye kitambaa. Wageni walimwona anasogeza kando sahani ya pilau ya mboga, wakanigeukia mimi, kana kwamba namnyima. Safari nayo ikawa haifiki. Kwanza pasi ya Ba ilitoka na jina lililokosewa, kisha harusi ya shemeji ikameza akiba, kisha 2020 mipaka ikafungwa. Mtoto akaota meno, akayang'oa, akaanza shule. Akauliza kwa nini Ba hali wali. Ba akamjibu, "Kwa ajili yako." Nilimwomba Ba asimtwishe mtoto mzigo ule. Akaniambia, "Si mzigo, mwanangu. Ajue tu kwamba aliombewa."

Kwa wasiomjua: Jalaram alizaliwa Virpur tarehe 4 Novemba 1799, katika ukoo wa wafanyabiashara wa Kilohana. Biashara haikumkaa. Alipowekwa dukani kwa ami yake alikuwa akiwapa wapita njia bidhaa za duka. Alipofika miaka kumi na minane akapokewa uanafunzi na Bhoja Bhagat wa Fatehpur, na mwaka 1820, kwa baraka za mwalimu huyo, yeye na mkewe Virbai wakaanzisha sadavrat, jiko la kumlisha kila anayefika, saa yoyote, bila kumuuliza dini wala kabila. Wazee wetu walipovuka bahari kutoka Saurashtra kuja Unguja, Mombasa, Dar es Salaam na baadaye Uganda, picha yake walikuja nayo: mzee mwenye kilemba, fimbo na tasbihi, uso mpole. Kwa Ba picha hiyo iko juu ya friji, ili Bapa aone kinachopikwa.

Safari ilipopatikana kweli, habari ilienea jengo zima kabla hatujakata tiketi. Bahasha zikaanza kuingia. Kila mwanamke anayemjua Ba alileta yake, jina juu na hela ndani: moja ya binti anayetafuta kazi, moja ya mume mwenye kisukari, moja ya shukrani tu. Hata Bi Mkubwa wa ghorofa ya chini, Mzanzibari anayeswali swala tano, alipanda ngazi na bahasha yake. Yeye anaipenda simulizi ya Jamal, mfanyabiashara wa Kiislamu ambaye mtoto wake aliugua mpaka waganga wakakata tamaa. Jamal aliomba kwamba mtoto akipona atapeleka vipimo 40 vya nafaka kwenye jiko la Jalaram. Mtoto alipona, na baba akaenda Virpur na gari la ng'ombe limejaa. "Walii wa kulisha watu," Bi Mkubwa aliniambia, "huyo hana mwenyewe. Ni wa wote."

Ba alizipanga bahasha kwenye kopo la biskuti, akalifunga kwa kanga, kanga akaitia kwenye begi la mkononi. Baba watoto alimkumbusha kwamba Virpur hawapokei sadaka tangu tarehe 9 Februari 2000, jambo ambalo kila mfuasi wa Bapa amelisikia. Ba alilisikia pia, ila aliamini katazo ni la matajiri wenye dhahabu na wanaotaka majina yao yachongwe ukutani. "Hela ya wanawake ni hela ya mchele," alisema. "Hakuna jiko linalokataa mchele."

Shemeji ndiye aliyepanga usafiri. Tulitua Ahmedabad usiku, asubuhi gari likatuchukua, sote tukalala kwa uchovu. Nilipoamka jua lilikuwa usoni mwetu. Nikajua kuna jambo, maana Saurashtra iko magharibi na jua la asubuhi lilipaswa kuwa mgongoni. Baba watoto akasema barabara hupinda. Baada ya muda tukaingia mji mdogo wenye kibao kilichoandikwa Virpur, na dereva akauliza tunashukia wapi. Ba akachungulia nje. Hakuna maduka ya picha za Bapa, hakuna mahujaji, hakuna bango hata moja la Jalaram.

Gujarat ina Virpur zaidi ya moja. Tuliyofika ipo wilaya ya Mahisagar, mashariki ya Ahmedabad. Ya Bapa ipo wilaya ya Rajkot, kama kilomita 55 kutoka mji wa Rajkot kwenye njia ya Jetpur. Kati yao ni zaidi ya kilomita 300, na sisi tulikuwa tumeenda upande wa kinyume. Shemeji aliandika jina kwenye simu, simu ikaleta majina mawili, akabonyeza la kwanza. Kwenye gari palizuka maneno ambayo hayafai kuandikwa, ya Kigujarati na ya Kiswahili, na baya zaidi lilikuwa la mtoto, aliyesema kwa sauti safi, "Kwa hiyo Ba hali wali leo tena?"

Tulishuka kunyoosha miguu mbele ya nyumba moja ya barabarani. Mwanamke aliyekuwa akipika alitusikia tukigombana, akatoka. Alipoambiwa tulikokuwa tunaenda aliweka mikono yake kichwani, kisha akatukalisha kwenye kitanda cha kamba. Akatuletea mikate ya mahindi, ya moto, na mboga na vitunguu, akasimama kuhakikisha tunamaliza. Ba alimpa hela. Mwanamke akazirudisha kwenye kiganja cha Ba na kukifunga vidole kwa mkono wake. Nililiona hilo, na Ba pia aliliona, ila hakusema kitu, akarudi garini na kopo lake mapajani.

Virpur yenyewe tuliifikia siku ya pili, baada ya kulala Rajkot na kupita Gondal kwenye mashamba ya karanga na pamba. Mgeni anayetarajia mnara mkubwa na nguzo za marumaru atashangaa. Hekalu ni nyumba, ile ile aliyoishi Jalaram, katikati ya mtaa mwembamba wa maduka. Ndani zimo sanamu za Ram, Sita, Lakshman na Hanuman, na ndani ya kioo ipo fimbo na mfuko wa kitambaa ambao Virbai alirudi nao nyumbani. Ba alisimama mbele ya kioo kile mpaka foleni ikaanza kumsukuma. Alilia bila kuficha. Mimi pia. Mtoto alinishika pindo la sari, mzima, mwenye miguu yenye nguvu, nami nilimshukuru Mungu kwa moyo wangu wote.

Halafu Ba akaanza kutafuta pa kuweka bahasha. Hakuna kisanduku. Akamsogelea mhudumu mmoja, akafungua kanga, akamwonyesha kopo. Kijana akaunganisha viganja, akasema kwa adabu kubwa, "Ba, hapa hatupokei. Njoo ule." Ba akaeleza: ni hela za mchele, za wanawake, kutoka Afrika. "Umetoka mbali, Ba. Njoo ule." Akaomba basi aruhusiwe anunue gunia la mchele sokoni alilete mlangoni. Jibu lilikuwa lile lile. Akaketi chini kwenye mstari wa walaji na kopo lake, na mbele yake ikawekwa khichdi, mchele uliopikwa pamoja na choroko, na mchuzi wa mtindi juu yake.

Miaka yote ile nilikuwa nimejiandaa kuliona tonge la kwanza. Ba alilila haraka, uso umekunjamana, kama mtu aliyetukanwa nyumbani kwa watu anaowapenda. Alipoongezewa hakukataa. Aliongezewa tena.

Usiku, kwenye nyumba ya wageni, ugomvi ulihamia kwenye hela. Baba watoto alitaka zitiwe kwenye sanduku la hekalu lingine njiani. Shemeji alitaka zigawiwe maskini asubuhi na kila bahasha ipigwe picha ikifunguliwa, ili wenyewe waone. Ba alikataa yote mawili. Bahasha zilitolewa za kulisha, na mtu akikupa hela ya kulisha, ukilitumia jina lake kwa kingine umemwibia. Wanaume walilala wamekasirika. Mimi sikupata usingizi, nilikuwa namfikiria Virbai.

Hadithi ya fimbo na mfuko nimeisikia tangu Tanga nilikozaliwa, na kila mara husimuliwa kama mtihani wa Jalaram. Sadhu mmoja, mtawa mzee, dhaifu, alifika akasema hataki chakula. Anataka mke wa mwenye nyumba aende naye amtunze uzeeni. Jalaram akamuuliza mkewe, Virbai akakubali, wakaondoka. Porini sadhu akamwambia Virbai amngojee, akamwachia fimbo na mfuko, akatoweka. Wenye imani husema alikuwa Mungu mwenyewe. Lakini aliyetembea kwenda porini na mgeni asiyemjua ni Virbai. Aliyengojea peke yake ni Virbai. Na kabla ya hapo, nafaka ilipokwisha, aliyevua mapambo aliyotoka nayo kwao Atkot yakauzwe ni yeye, mama wa binti mmoja, Jamnabai. Hata ukoo ulioendeleza nyumba ile umepitia kwa binti huyo. Jalaram alifariki mwaka 1881, mkewe ametangulia, na jiko lao bado linawaka. Nampenda Bapa kwa dhati, na ndiyo maana inaniuma picha nyingi zinapomwonyesha amekaa peke yake. Mtu hafungui mlango wake kwa dunia nzima bila mwingine kuamka alfajiri kusaga.

Asubuhi nilimwambia Ba: tupike sisi. Hakunijibu mpaka tulipofika Dar.

Jayanti ya Bapa, sikukuu ya kuzaliwa kwake, huangukia siku ya saba ya mwezi mpya wa Kartik, juma moja hivi baada ya Diwali, na kwetu huo ndio msimu wa vuli. Ba aliamua khichdi ipikwe uani mwa jengo, ale yeyote atakayepita: bodaboda, wachuuzi, mlinzi, watoto wa shule. Kila bahasha ilifunguliwa mbele ya mwenyewe na kuandikwa daftarini. Bi Mkubwa alitoa masufuria yake ya shughuli, majiko ya mkaa na wajukuu wa kuchambua mchele. Mchuzi wa kwanza ulikatika, Bi Mkubwa akautupa akapika mwingine kwa moto mdogo, akiukoroga upande mmoja bila kuacha.

Mvua ilishuka wali ukiwa umekauka na watu wameshapanga foleni. Haikuanza kwa manyunyu. Maturubai yalilegea, mkaa ukafoka moshi, na shemeji na baba watoto wakalidaka sufuria kubwa wakaliingiza kwenye ngazi. Kwenye kona ya ghorofa ya kwanza likakwama. Halikupanda wala kushuka, na nyuma yake foleni nzima imeingia ndani kukimbia mvua, imelowa, inacheka. Ba alikuwa juu, mimi chini. Akapiga kelele, "Pakua hapo hapo!" Basi watu wakakaa kwenye ngazi, ghorofa kwa ghorofa, na sahani zikapita mkono kwa mkono juu na chini, mwendesha bodaboda akimpa mwalimu, mwalimu akimpa mtoto, mpaka kwa mlinzi mlangoni. Ba alikula ngazi ya juu kabisa, wali sahani mbili.

Jioni tulipolichomoa sufuria na kufagia, tulikuta kwenye kila kidato watu wameacha kitu: noti zilizokunjwa, mfuko wa choroko, kilo mbili za mchele kwenye karatasi. Kopo likajaa kupita lilivyokuwa kabla. Ba aliliangalia kwa muda mrefu, akasema Alhamisi tutapika tena, kidogo, kwa sababu Alhamisi ni siku ya Bapa.

Tangu hapo hatujaacha. Mchuzi ni wa Bi Mkubwa, kubeba ni kazi ya shemeji, wali ni wangu. Hela Ba hapokei tena, kwa mtu yeyote, kwa sababu yoyote. Alhamisi iliyopita muuza mahindi aliacha noti chini ya sahani. Ba aliigundua akavaa kandambili, akamfuata mpaka kituo cha daladala, mbele za watu, kumrudishia mkononi, na mimi nikabaki na sufuria mbili motoni na foleni inayoniuliza mama kaenda wapi.