Namna ya Kuhakiki Sizoni Nzima Iliyobanwa Kwenye Diski Moja

Uhakiki wa sizoni ya steringi mwenye nguvu za ajabu huanzia kwenye kava, na wengi huchemka papo hapo. Husoma jina, hutazama picha, huamini. Mhakiki wa Kilosa haamini kava. Huligeuza, hunusa wino wa printa, huhesabu vidole vya steringi, ndipo anapoitafuta sura. Kava la Smallville litakuonyesha Superman mwenye joho jekundu akipaa juu ya maghorofa, tena kwa sura ya mwigizaji wa filamu nyingine kabisa. Tamthilia hiyo ilirushwa Marekani kuanzia 2001 hadi 2011, sizoni 10, na watengenezaji wake walijiwekea sharti tangu mwanzo: kijana Clark Kent hatavaa joho na hatapaa. Joho lenyewe wakalitunza hadi mwisho kabisa wa sizoni ya 10. Kwa hiyo aliyetoa hela yake kununua sizoni ya kwanza kwa ajili ya joho la kwenye kava bado ana diski tisa za kununua. Hilo liandike mapema, kabla hujawasha chochote, maana umeme nao una mipango yake.

Kwa mfano wetu tuchukue The Flash, sizoni ya kwanza, iliyoanza kurushwa Marekani Oktoba 2014. Barry Allen ni mtaalamu wa maabara ya polisi. Usiku mmoja mtambo wa wanasayansi unalipuka, radi inampiga, analala miezi tisa bila fahamu, anaamka akiwa na mbio kuliko binadamu yeyote. Ina episodi 23, kila moja dakika 42 hivi. Piga hesabu: ni saa 16. Diski ya kawaida ya DVD ina nafasi ya GB 4.7, na ilibuniwa kubeba filamu ya saa mbili hivi kwa ubora wake. Aliyechoma diski yako ameingiza saa 16 mle mle, kama kondakta anayeapa kwamba nyuma kuna nafasi, na bado amebakiza pa kupitisha namba yake ya simu chini ya skrini tangu mwanzo hadi mwisho.

Hapo ndipo mhakiki mwenye elimu anapotengana na mpiga kelele. Programu ya kubana video ni mvivu mwenye akili. Kitu kisichosogea hukichora mara moja na kukiacha palepale. Kinachosogea ndicho kinachomchosha, na nafasi ikiwa finyu ndicho anachokipunja. Matokeo yake ukuta wa maabara utauona vizuri. Makabati utayasoma hadi lebo. Barry akisimama kumkodolea macho Iris, binti anayempenda, hata kola ya shati lake ina mshono. Akianza tu kukimbia, anageuka vibokisi vinne vyekundu na kimoja cha njano, ambacho mtaani mnakubaliana kwamba ni radi. Yaani adui mkuu wa mtu mwenye mbio kuliko wote duniani si yule mwenye suti ya njano aliyemuua mama yake. Ni jamaa mwenye kompyuta aliyebana faili. Wahakiki wa London na New York, na Blu-ray zao, wameichambua sizoni hii kwa mapana bila kumtaja huyu jamaa hata mara moja. Wewe mtaje, na umtaje juu kabisa, kabla ya mwongozaji.

Kipimo usikitie kwenye nyota. Tumia vibokisi. Steringi wa vibokisi vinne anavumilika. Wa vibokisi viwili ni uzembe. Na ukifika mahali humjui steringi ni yupi na moto ni upi, diski irudi dukani kabla haijapoa.

Wapo wenye bahati ya kuwa na shemeji Marekani, nao wanajiona wameepuka haya. Shemeji atatuma boksi halali, kava gumu, diski kadhaa, na mahojiano ya waigizaji kama nyongeza. Usimwonee mtu wivu. Dunia ya DVD imegawanywa kwa kanda: Marekani na Kanada ni kanda ya 1, Ulaya ni ya 2, Tanzania pamoja na sehemu kubwa ya Afrika ni ya 5. Deki ya jina kubwa, iliyonunuliwa kwa risiti na warantii, itaizungusha diski ya shemeji, itatafakari, kisha itaitema kwa adabu. Deki isiyo na jina, ile inayouzwa pamoja na sabufa yake, huisoma bila kuuliza pasipoti. (Nikisema Ulaya nasema ile ya mbali. Ulaya yetu, ile kata iliyo kwenye njia ya Kilosa kwenda Mikumi, haijapangiwa kanda. Kule wanasoma chochote.) Tena boksi halali huwa na ugomvi wa wakubwa ndani yake. Batman ya Adam West ilirushwa 1966 hadi 1968, episodi 120, lakini wenye haki zake walivutana hata DVD yake haikutoka Marekani mpaka Novemba 2014. Miaka 46! Huku kwetu sizoni ikichelewa wiki mbili muuzaji anaomba radhi.

Sasa mtafsiri, na hapa usiwe na haraka. Sizoni ya kutafsiriwa ni kazi nyingine kabisa, na ukiandika jina la mwigizaji Grant Gustin bila kuandika la mtafsiri utakuwa umehakiki nusu. Tanzania nzima ilijifunza utamu huu kwa Derek Mukandala, ambaye watu walimjua kwa jina la Lufufu. Kenya wana DJ Afro. Uganda wana VJ Jingo na Kiluganda chake. Mmoja huwa askari, jambazi, mama na mtoto, kwa sauti ileile, na hakuna anayechanganyikiwa. Sikiliza mtafsiri anagawaje muda wake. Daktari Wells, mwenye mtambo wenyewe, anapoeleza kwa dakika tatu jinsi mtambo ulivyolipuka na chembe zilivyosambaa angani, mtafsiri atasema, "Mtambo umepasuka, jamaa kala radi," kisha atanyamaza anywe maji. Wells akija kutamka neno moja tu la kumhimiza kijana akimbie, mtafsiri ataamka na kutoa mawaidha ya dakika mbili juu ya vijana wasiosikia la mkuu, wadeni wanaomkwepa mwenye duka, na hali ya barabara ya kwao. Wahakiki wa nje husifu maelezo ya mwongozaji yanayowekwa kwenye diski kama nyongeza. Sisi nyongeza tunayo, na huwezi kuizima kwa rimoti.

Kosa la mtafsiri lipime kwa uzito wake. Akimwita Barry "Bari" sawa. Akimwita "Superman" kwa episodi mbili halafu akajirekebisha, ni ubinadamu. Akifichua katika episodi ya tatu kwamba Wells ndiye muuaji, huyo hana msamaha. Watengenezaji walitumia zaidi ya nusu ya sizoni kulificha jambo hilo, yeye ameliropoka ili tu ajisikie mjuzi. Mwekee kibokisi kimoja.

Usihakiki ukiwa peke yako sebuleni. Sebuleni unapata maoni yako tu, na maoni yako tunayajua. Nenda kibanda umiza, kaa benchi la nyuma karibu na mlango, hasa kama ni Mikumi siku malori ya Tunduma yamelala mjini. Pale utasikia hoja ambazo hazikuandikwa popote. Ya kwanza itakuwa Iris. Barry amelelewa na Joe West, baba yake Iris, tangu mama yake alipouawa, kisha baba yake mwenyewe akatiwa jela. Wamekula meza moja, wamelala nyumba moja, na sasa kijana anampenda. Marekani hilo walilipitisha kama mapenzi. Mikumi litasimamisha sizoni.

"Huyu si dada yake huyu?"

"Wamelelewa tu pamoja, mjomba."

"Na aliyewalea ni nani? Si baba mmoja? Basi!"

Mwenye kibanda atalazimika kupunguza sauti mpaka wazee wamalize. Mjadala huo unukuu wote. Jambo la jina la siri, kwa upande mwingine, halitawasumbua. Hili ni jimbo lililomchagua msanii Joseph Haule kuwa mbunge mwaka 2015 huku nusu ya wapiga kura wakimwita Profesa Jay. Mtu kuwa na majina mawili, moja la nyumbani na moja la kazini, hakuhitaji barakoa.

Kuna uhakiki mwingine wa Mikumi, wa basini, nao una kanuni zake. Mabasi ya Iringa, Mbeya na Songea hufika hapo yakiwa yametoka Dar es Salaam na sizoni imeshafika katikati. Ukipandia Mikumi hujui radi ilipiga lini. Ukishukia Iringa hujui muuaji ni nani. Usione haya, hakiki katikati, na uwaachie wa Dar mwanzo na wa Mbeya mwisho. Anayetoka Morogoro naye ana mtihani wake: barabara inapita karibu kilomita 50 ndani ya hifadhi, dereva anatembea kwa adabu kwa sababu ya matuta na faini, na abiria wana skrini mbele na tembo dirishani. Ikiwa basi zima limegeukia dirishani, andika kwamba episodi imepwaya. Ikiwa twiga amesimama pembeni na hakuna aliyemwona, hiyo ni sifa ambayo hakuna gazeti la Marekani litakaloweza kuitoa. Na usisahau kuuliza kama steringi mwenyewe angelipa faini. Kwa mwendo ule, kutoka Doma hadi Mikumi mjini angeacha nyuma yake orodha ya wanyama, na kila mnyama ana bei yake.

Kilosa mjini wana jicho jingine. Episodi ya 15 ndiyo ya kuwaonyesha. Wimbi kubwa linatoka baharini kuja kuimeza Central City, jiji la Barry, na Barry anakimbia ufukweni, anakwenda, anarudi, ili upepo wake usimame kama ukuta. Kwa diski yetu yenye saa 16 mambo ni mazito, maana maji yote yanasogea kwa wakati mmoja na skrini nzima inageuka vibokisi vya bluu. Lakini watu wa Kilosa hawahitaji picha safi kulijua hilo. Desemba 2009 mto Mkondoa ulipasua tuta lake ukaingia mjini, maelfu wakabaki bila nyumba, wengi wakahamia kwenye mahema, na reli ya kati iliharibiwa hata treni zikasimama kwa miezi. Basi mtu aliyeyaona hayo atakuuliza maswali ya fundi. Ukuta wa upepo unasimama muda gani? Akichoka nani anapokea zamu? Mbona hakuna hata kiroba kimoja cha mchanga?

Halafu inakuja ile sehemu ambayo wahakiki wengi huiita ya kusisimua: Barry anakimbia kupita kiasi, wakati unapasuka, anajikuta jana yake, wimbi halijaja. Kibanda cha Kilosa hakitapiga makofi. Jana yake inasaidia nini? Tuta halipasuki kwa siku moja. Limeota miti, limechimbwa mchanga, mifugo imelikanyaga, miaka na miaka. Angekuwa na nia angerudi nyuma miaka 20, tena na jembe. Hiyo ndiyo sentensi ya kufungulia uhakiki wako, na usiiongezee kitu.

Mbio zenyewe nazo wanazipima upya siku hizi. Tangu treni ya SGR ilipoanza kupita Kilosa kwenda Dodoma mwaka 2024, ikiingia kwenye mahandaki na kutokea upande wa pili wa kilima, kijana wa suti nyekundu amepungua heshima kidogo. Treni ina mwendo wa kilomita 160 kwa saa, inabeba mizigo ya watu, na haijawahi kuanguka kwa mapenzi ya Iris.

Suala la sheria lipitie kwa mwendo wa mtu anayepita msibani bila kuwa na rambirambi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999, COSOTA ipo, na stempu za TRA kwenye kazi za filamu na muziki zilikuja 2013. Kwenye kava lako stempu huenda ipo, lakini imepigwa printa pamoja na kava. Andika "toleo lililonifikia", usitaje duka, usitaje mtaa. Kama limekufikia kwa flashi badala ya diski, sema hivyohivyo, na uongeze kwamba flashi imekuja na nyimbo za harusi ya mtu usiyemjua.

Limebaki la episodi ya 23, na hapo wahakiki hodari wameumbuka. Tundu jeusi linafunguka angani juu ya jiji na kuanza kumeza magari na majengo. Barry anakimbia, anarukia vifusi vinavyoelea, anazama ndani ya tundu, na picha inakatika. Toa diski. Ipulize. Ifute kwa fulana ya pamba kutoka katikati kwenda ukingoni, usizungushe. Rudisha. Tundu, mbio, picha inakatika palepale. Jaribu kwenye deki ya jirani. Palepale. Nenda nayo dukani.

"Bosi, ndivyo inavyoisha hiyo."

"Inaishaje haijaisha?"

"Iliyobaki iko sizoni ya pili. Buku jero."

Kwa taarifa yako tu, safari hii jamaa anasema kweli. Ndivyo walivyoimaliza wenyewe Mei 2015. Lakini usimwonyeshe kwamba unalijua hilo. Simama hapohapo na diski mkononi, mwambie imekwaruzika mwishoni, na ya pili uichukue kwa buku.