Sedani ya Familia na Mapambo Yake: Uchunguzi Kutoka Katoro

Mjini Katoro, kwenye barabara kuu itokayo Geita kuelekea Chato na Bukoba, gari la familia huwa halijawa mali kamili ya mwenyewe mpaka alitie mkono. Lishuke bandarini Dar es Salaam likiwa zima, lina karatasi zake zote na rangi yake inang'aa, bado litaonekana ni la Mjapani aliyelitumia mwanzo, na mwenye nalo atajiona mlezi tu hadi siku atakapolibandika kitu, kulinyanyua, kulitoboa au kulipaka. Kazi hiyo huifanya mwenyewe siku ya mapumziko, chini ya mwembe, akiwa na bisibisi ya kuazima na simu inayoonyesha video ya mtu wa nchi nyingine anayeshughulikia gari la aina nyingine. Matokeo yake yanastahili kuchunguzwa kwa utulivu, kwa kuwa yanafuata kanuni moja isiyobadilika: pambo huwekwa kwa ajili ya anayetazama akiwa nje, ilhali joto, kelele, gharama na aibu yake huwaangukia waliokaa ndani.

Sedani, kwa maana inayotumika hapa, ni gari dogo la milango minne lenye buti lililotengwa na sehemu ya abiria. Katika ukanda wa dhahabu wa Geita na Shinyanga, aina hiyo huwakilishwa zaidi na Toyota: Carina na Corona Premio za miaka ya 1990, Premio na Allion zilizoanza kuuzwa Japani mwishoni mwa 2001, pamoja na Corolla za vizazi mbalimbali. Magari haya yalibuniwa kwa ajili ya baba mwenye ofisi, lami na sehemu yake ya kuegesha, na hakuna mhandisi aliyeulizwa yatafanyaje siku yatakapofika machimbo ya Lwamgasa wakati wa mvua. Aidha, fedha ya eneo hili haina tabia za mshahara. Mchimbaji mdogo anaweza kukaa miezi mingi akilihudumia duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, bila kuona kitu, kisha duara likatema, mawe yakapita kwenye karasha, yaani mashine ya kusagia mawe, na dhahabu ikafikishwa kwenye soko rasmi kama lile lililofunguliwa mjini Geita mwezi Machi 2019. Fedha hiyo huja kwa mkupuo, na fedha ya mkupuo hupenda kitu kitakachoonekana barabarani kabla jua halijazama. Pedi za breki hazionekani; rimu zinaonekana.

Pambo la kwanza kwa kawaida ni redio, na hapa mwenye gari ana hoja ya haki kabisa. Redio za magari ya Japani ya miaka hiyo zilitengenezwa kunasa FM kuanzia megahezi 76 hadi 90, ilhali stesheni za Tanzania zimepangwa kati ya 87.5 na 108, kwa hiyo redio iliyokuja na gari huzisikia chache tu na kuziacha nyingine zote mlangoni. Dawa yake ni ekspanda, kijisanduku kinachofungwa kati ya antena na redio ili kuyashusha masafa yaingie ndani ya uwezo wa redio. Ikiwa kinashusha megahezi 15, stesheni ya 98 itasomeka 83, na baba wa familia atalazimika kufanya hesabu ya kutoa kila jioni kabla ya taarifa ya habari, huku watoto wakimsahihisha kutoka kiti cha nyuma.

Kuifikia redio hiyo kunahitaji kubandua dashibodi, ambayo imeshikwa na klipu za plastiki zilizokaushwa na jua la miaka ishirini, na klipu ya namna hiyo ikivunjika haivunjiki peke yake. Wakati huohuo mwenye gari huona nafasi ya kumaliza kero nyingine. Magari mengi huja na kifaa cha malipo ya barabara kuu za Japani, ambacho kila injini inapowashwa hutangaza kwa sauti ya mwanamke mwenye adabu nyingi kwamba kadi haijaingizwa. Watoto humwamkia shikamoo kila asubuhi, na bibi aliyetoka kijijini huuliza huyo mgeni ni nani na kama amekula. Baba huufuata waya anaoudhania kuwa ndio wenyewe, huukata, hurudisha dashibodi, husalia na skrubu nne mkononi zisizo na kwao, kisha huwasha gari. Mwanamke wa Kijapani hutoa tangazo lake kama kawaida. Kilichonyamaza ni indiketa ya kushoto.

Baada ya redio hufuata sabufa, yaani spika kubwa ya besi inayokaa ndani ya boksi kwenye buti, pamoja na amplifaya ya kuisukuma. Hesabu yake ni nyepesi, na pengine ndiyo sababu hairukwi ila na watu wazima: wati zikigawanywa kwa volti hupatikana ampea, kwa hiyo amplifaya ya wati 600 kwenye betri ya volti 12 inaweza kudai ampea 50, ilhali waya wa redio kwa kawaida hulindwa na fyuzi ya ampea 10 au 15. Fyuzi ni kijiwaya kilichowekwa makusudi kiungue mapema ili gari lisiungue baadaye. Inapokatika mara ya pili, fundi wa gereji bubu, yaani gereji isiyo na kibao wala leseni, huitwa aje kutoa ushauri. "Bosi, hii fyuzi inakusumbua bure," husema, kisha huizungushia karatasi ya fedha kutoka kwenye pakiti ya sigara. Kuanzia hapo kijiwaya kilichokuwa tayari kufa kwa niaba ya gari huwa kimestaafishwa, na jukumu lake hukabidhiwa pua ya mama watoto, ambaye huuliza barabarani kuna nini kinachoungua na huambiwa kwamba ni shamba la jirani.

Hasara ya pili ya sabufa ni ya makazi. Buti ambalo lilikuwa likipokea gunia la mchele, ndizi na madaftari sasa limejaa boksi, kwa hiyo mchele huhamia kiti cha nyuma na watoto huhamia juu ya mchele. Shangazi anayefika kutoka Runzewe na kuku wawili hulazimika kuwapakata njia nzima, na besi inapoanza, kuku husimama. Asubuhi betri huwa imekwisha, na gari husukumwa na wanafunzi waliovaa sare, ambao kwa sababu hiyo wanastahili kuhesabiwa miongoni mwa mafundi wakuu wa magari mjini humo.

Tinti inahitaji maelezo ya karibu zaidi, kwa sababu ndiyo kazi inayodhaniwa kuwa rahisi kuliko zote. Hii ni karatasi nyembamba ya plastiki yenye giza inayobandikwa upande wa ndani wa kioo. Kioo huoshwa, hunyunyiziwa maji yenye sabuni kidogo, ngozi inayolinda gundi hubanduliwa, karatasi huelea juu ya maji hadi ikae mahali pake, kisha maji husukumwa kwa kipande cha mpira kuanzia katikati kwenda pembeni. Kila hatua inadai hewa isiyo na vumbi. Katoro, kiangazi, lori la mawe ya dhahabu linapopita njia ya vumbi, hewa ya namna hiyo haipatikani hata kwa fedha, na punje inayonaswa chini ya karatasi huinua lengelenge ambalo kila anayepita atalibonyeza kwa kidole ili kuthibitisha kwamba haliondoki. Mwenye gari huamua kuibandua karatasi na kuanza upya, akikwangua gundi kwa wembe. Na kwenye kioo cha nyuma wembe huo huondoka pia na ile mistari myembamba iliyochapwa kwenye kioo kwa kazi ya kufukuza ukungu. Mvua ya kwanza ikinyesha, abiria watano wakipumua ndani, kioo cha nyuma hugeuka ukuta.

Sababu inayotolewa ya kuweka tinti ni faragha. Hata hivyo, katika mji ambao kila gari linajulikana kwa mwenyewe, kwa deni lake na kwa mahali linapolala, giza la vioo halimfichi mtu yeyote, na wapita njia huendelea kukisalimia kioo cheusi kwa jina la mtoto wa kwanza wa dereva. Anayefichwa ni mwenda kwa miguu, mbuzi na bodaboda isiyo na taa, kwa kuwa usiku dereva hawaoni, na hatimaye hulazimika kushusha vioo vyote ili aone anakokwenda, akilila vumbi lilelile alilolilipia lisimwone.

Suala la magurudumu lina hesabu zake. Tairi iliyoandikwa 185/70R14 ina upana wa milimita 185, ukuta wa ubavuni wenye kimo cha asilimia 70 ya upana huo, nayo hukaa kwenye rimu ya inchi 14. Ukuta huo ni karibu sentimita 13 za mpira na hewa kati ya chuma na shimo. Anayetaka rimu ya inchi 17 bila kuongeza kimo cha gurudumu zima atalazimika kuchukua tairi kama 205/45R17, ambayo ukuta wake ni sentimita 9 na kidogo. Takriban sentimita nne zilizotoweka ndizo zilizokuwa zikimeza mashimo. Zikishaondoka, shimo humezwa na rimu, na rimu ikishapinda, humezwa na kiuno cha bibi. Akiamua kuweka gurudumu kubwa kuliko la asili, tairi huanza kukwaruza fenda kila anapokata kona, na mshale wa mwendo kwenye dashibodi huonyesha pungufu ya mwendo halisi. Kile kifaa cha polisi wa usalama barabarani ambacho madereva hukiita tochi hakisomi dashibodi ya mtu, na pale penye kibao cha 50 hoja ya ukubwa wa rimu haijawahi kupunguza faini.

Ili fenda isikwaruzwe, gari hunyanyuliwa kwa spesa, vipande vya chuma au mpira mgumu vinavyowekwa juu ya shokapu. Kwa barabara za vijijini jambo hili lina busara yake, lakini mwinuko ukizidi, draivushafti, yaani fimbo inayopeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu la mbele, hufanya kazi ikiwa imepinda kuliko ilivyokusudiwa, mpira unaofunika grisi yake hupasuka, mchanga huingia, na gari huanza kulia ka-ka-ka kila kona. Mbele ikiinuka, taa nazo huinuka. Iwapo taa hizo zimetiwa balbu za LED ndani ya kikombe kilichochongwa kwa ajili ya balbu ya halojeni, mwanga hutawanyika ovyo, na sedani ya familia humulika ndege waliolala mitini huku shimo lililo mbele yake likibaki gizani.

Kinachobaki ni rangi na spoila. Toyota huandika namba ya rangi kwenye kibati kilichoko ndani ya chumba cha injini au kwenye nguzo ya mlango, mbele ya herufi C/TR, na namba hiyo ina maana: 040 ni nyeupe ya kawaida, ilhali 070 ni nyeupe ya lulu inayopakwa kwa tabaka kadhaa. Mwenye gari anayekwenda dukani na kuomba "nyeupe" hupewa nyeupe, na bampa lake likikauka, gari huwa na nyeupe mbili, ya tatu ikiwa ile ya puti iliyochungulia mahali msasa ulipozidi. Anayeamua kubadili rangi yote akumbuke kwamba kadi ya gari inayotolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania imeandikwa rangi, na gari jekundu lenye kadi ya kijivu huhitaji maelezo marefu kwenye kila kizuizi. Spoila, kwa upande wake, ni bawa la plastiki linalofungwa juu ya buti. Kazi yake halisi ni kulikandamiza gari lisipepee likiwa katika mwendo mkali, mwendo ambao sedani yenye mchele, shangazi na kuku haitaufikia. Ili ikae, buti hutobolewa. Penye tundu mvua huingia. Maji hujikusanya kwenye shimo la tairi ya akiba, na humo huikuta amplifaya.

Hapo ndipo sababu ya mikasa yote inapodhihirika. Rimu ilileta tatizo la fenda, fenda ikaleta spesa, spesa ikaharibu draivushafti na taa, spoila ikaizamisha amplifaya. Gari ni mapatano ya sehemu nyingi zilizopimwa pamoja, na anayebadili moja huwa amezichokoza zilizobaki, ambazo huja kudai haki zao moja moja, kila mwisho wa mwezi. Madereva wa michomoko, magari madogo yanayobeba abiria kati ya Katoro na miji ya jirani, wanaijua siri hii kwa sababu gari likilala hawali. Wao huimarisha springi za nyuma, hufunga bamba la kulinda injini kwa chini, hubadili mipira ya waipa, na urembo wao huishia kwenye stika moja ya kumshukuru Mungu.

Haikatazwi kulipamba gari la familia. Kinachotakiwa ni mpangilio: breki na tairi kwanza, taa zilizopimwa pili, tatu kava za viti zinazofutika matapishi ya watoto, na mengine yasubiri duara litakapotema tena. Umeme wowote unaozidi wa redio upitishwe kwenye waya wake wenyewe kutoka betri, ukiwa na fyuzi yake halali, na kampuni ya bima ijulishwe kabla ya badiliko kubwa, kabla haijajijulisha yenyewe siku ya ajali. Zaidi ya yote, kila mwenye gari anayeshika bisibisi apewe sharti moja: kabla ya kununua pambo lolote, akae kiti cha nyuma, katikati, kwa safari nzima ya kwenda Geita na kurudi, huku mama watoto akiendesha. Akirudi bado analitaka, alinunue.